Kuihamisha Mashine ya Kukatakata Matawi Kutoka Injini ya Petroli Hadi Trekta: Mwongozo Kamili

Kwenye mashine za kukatakata matawi, injini ya petroli ndiyo hufa kwanza. Ngoma ya visu ni chuma kizito kisichochoka upesi, bering zinabadilishwa, visu vinanolewa. Kabureta na kamba ya kuwashia ndivyo vinavyomtoa mtu jasho. Mwenye parachichi kule Njombe au Rungwe, au mwenye kahawa chini ya migrivilea Kilimanjaro, ana matawi ya kupogoa kila mwaka. Nyuma ya banda ana mashine iliyokufa injini, na pengine ana trekta, au jirani mwenye trekta, linalolala kati ya msimu na msimu. Kuunganisha viwili hivyo kunawezekana kwenye karakana yoyote yenye lethi (mashine ya kuchongea chuma) na mashine ya kuchomelea, iwe Gerezani Dar es Salaam, Kariobangi Nairobi au Katwe Kampala.

Ila isichukuliwe kuwa ni kung'oa injini na kuchomeka propela, ile shafti inayopeleka nguvu toka trekta hadi mashine. Ile injini ndogo, pamoja na ubovu wake, ilikuwa fyuzi ya mashine nzima. Gogo likikwama, injini ilizima, mambo yakaisha hapo. Trekta halizimi. Litaendelea kusukuma mpaka kitu kikatike, na kitakachokatika ni kile dhaifu kuliko vyote: kii (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti), shafti, bolti za visu, au mkono wa mtu. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu kuirudisha fyuzi hiyo na kudhibiti kasi.

Je, mashine yako inafaa?

Angalia ngoma (au sahani, kama yako ni ya sahani) imekaa juu ya nini. Ikiwa ina shafti yake yenyewe iliyoshikwa na bering mbili, na injini ilikuwa inaizungusha kwa mkanda, endelea. Ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye krankshafti ya injini, kama zilivyo nyingi za hp 6 au 7, achana nayo. Ukishatoa injini hapo hubaki na mashine, unabaki na boksi la bati.

Shika ngoma kwa mikono miwili uitikise juu na chini, kisha mbele na nyuma. Ikicheza, badilisha bering sasa kabla hujafika mbali. Fungua visu, safisha matundu ya bolti kwa brashi ya waya, uangalie nyufa kwenye mwanga mzuri. Ngoma yenye ufa haichomelewi ikarudishwa kazini; inauzwa chuma chakavu.

Upande wa trekta, lolote la hp 35 na kuendelea linatosha kwa mashine iliyokuwa na injini ya hp 10 hadi 20. Massey Ferguson 240 au 375, New Holland, Swaraj, Sonalika, yote yana PTO (ncha inayozunguka nyuma ya trekta kuendeshea mashine) ya mizunguko 540 kwa dakika, yenye shafti ya meno 6 na kipenyo cha inchi 1 na 3/8, yaani milimita 35. Mengine yana na kasi ya 1,000. Hiyo usiiguse kamwe kwa mashine hii. Sababu itaonekana kwenye hesabu.

Kasi na mwelekeo, kabla hujafungua bolti hata moja

Hesabu hii ifanywe injini ikiwa bado mahali pake. Soma kasi ya injini kwenye kibati chake. Nyingi ni 3,600 kwa dakika. Pima kipenyo cha puli ya injini na cha puli ya ngoma. Chukua mfano wa mashine ya hp 15 yenye puli ya inchi 5 kwenye injini na inchi 9 kwenye ngoma: 3,600 mara 5, gawa kwa 9, unapata 2,000. Hiyo ndiyo kasi ambayo mtengenezaji aliikusudia. Usiipite. Ukienda chini kidogo, hakuna neno.

Kuna watu watakaokushauri uifunge ngoma moja kwa moja kwenye 540. Zipo mashine za kiwandani zinazofanya hivyo, lakini sahani zao ni kubwa na nzito, zimeundwa kwa kazi hiyo. Ngoma ya inchi 12 ikizunguka 540, ncha ya kisu inakwenda chini ya mita 9 kwa sekunde badala ya karibu 32. Hapo matawi hayakatwi, yanatafunwa. Yanatoka marefu yenye nyuzi na kuziba bomba la kutolea.

Sasa mwelekeo. Simama nyuma ya trekta, uso ukiwa upande wa usukani: PTO inazunguka kama mishale ya saa. Mkanda wa kawaida haubadilishi mwelekeo, kwa hiyo na ngoma itazunguka hivyo hivyo ukiitazama toka nyuma, upande wake wa kulia ukishuka na wa kushoto ukipanda. Kwenye mashine nyingi kisu kinatakiwa kishuke juu ya kisu tuli kilichoko chini ya mdomo wa kulishia. Ina maana mdomo uwe upande wako wa kulia ukiwa umesimama pale nyuma. Ukiigeuza mashine mbele nyuma, mdomo unahamia kushoto na visu vitakuwa vinapanda, vikiyarusha matawi badala ya kuyakata. Chora mshale kwa chaki ubavuni mwa ngoma kuonyesha inakotakiwa kwenda, kisha isukume mashine yote mpaka nyuma ya trekta ikae kama itakavyokaa. Dakika kumi hizi zinaokoa fremu nzima isichomelewe upya.

Mikanda au gia?

Kutoka 540 hadi 2,000 unahitaji kuzidisha kasi mara 3.7. Zinauzwa gia boksi za kuongeza kasi ya PTO, za 1 kwa 3 na 1 kwa 3.8, zilizokusudiwa pampu za hidroli. Ni nadhifu na hazichukui nafasi. Lakini zile za gia mbili hugeuza mwelekeo, kwa hiyo hesabu ya mdomo hapo juu inapinduka. Zaidi ya hapo hazitelezi hata kidogo, na jino likivunjika unaanza kutafuta spea ambayo pengine haipo nchini. Mimi nachagua mikanda. Mkanda uliokazwa kwa kiasi huteleza kidogo tawi likikwama, na wa kubadilisha unaupata hata kwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga unga.

Mpango ni huu: shafti ya kati, iliyoshikwa na bering mbili kwenye fremu, inapokea propela ya trekta. Juu yake inakaa puli kubwa, na mikanda inakwenda kwenye puli ndogo iliyoko kwenye shafti ya ngoma.

Tukiendelea na mfano wetu, puli ya ngoma ya inchi 9 inatoka na nafasi yake inachukuliwa na ya inchi 5. Ya kati iwe inchi 18: 540 mara 18, gawa kwa 5, unapata 1,944. Inatosha kabisa. Sasa fikiria mtu amevuta wenzo wa PTO ya 1,000: ngoma ingeenda 3,600. Mvuto unaotaka kurusha visu nje hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hapo ni zaidi ya mara tatu ya ule uliokusudiwa. Kama trekta lako lina kasi zote mbili, funga wenzo huo kwa waya siku ya kazi.

Tumia mikanda ya saizi B, minne. Mitatu itabeba kazi nyepesi, lakini kwa hp 15 na kazi ya kupigapiga kama hii minne ndiyo inayokupa usingizi. Usiweke puli ya B iliyo ndogo kuliko inchi 5, kwa sababu mkanda unapinda mno na kupasuka kwa ndani. Shafti mbili zikiachana inchi 24 toka kati hadi kati, mkanda wa takribani B85 utafaa, lakini pitisha kamba kwenye puli halisi uipime kabla ya kununua. Nunua yote minne pamoja, ya chapa moja. Mkanda mpya kati ya mikuukuu hubeba mzigo peke yake. Puli ya inchi 18 iwe ya chuma cha kusubu. Za alumini zinazoyeyushwa mitaani ni rahisi na nyepesi, ila mifereji yake huliwa mapema.

Shafti ya kati: hapa usibane matumizi

Nguvu ile ile ikipita kwenye kasi ndogo, nguvu ya kusokota inakuwa kubwa. Chukua kilowati, zidisha kwa 9,550, gawa kwa mizunguko kwa dakika. Hp 15 ni kama kilowati 11.2. Kwenye 3,600 unapata nyutonimita 30 hivi. Kwenye 540 unapata 198. Ndiyo maana shafti iliyotosha upande wa injini haitoshi upande wa trekta.

Nunua shafti ya chuma cha EN8 (chuma cha kaboni ya wastani), kipenyo milimita 40, na bering mbili za kusimama za UCP 208. Usikubali kipande cha bomba, wala nondo. Mfereji wa kii kwa kipenyo hicho ni wa upana wa milimita 12. Puli kubwa ikae karibu kabisa na bering, kwa sababu kila sentimita inayoning'inia nje inazidisha mpindo. Kama nafasi ipo, iweke katikati ya bering mbili, ingawa hapo kubadilisha mikanda kutahitaji kufungua shafti.

Ncha ya mbele inatakiwa kupokea yoki ya propela, yaani kishikio cha mwisho wake. Fundi anaweza kukata meno 6, lakini njia nyepesi ni kuipunguza ncha kwenye lethi iwe 35 na kutumia yoki yenye tundu la duara na kii. Ukipata ncha ya meno toka kwenye slasha (mashine ya trekta ya kufyekea majani) chakavu, usiichomelee ncha kwa ncha na shafti yako. Ipekechwe iingie ndani ya shafti kama soketi ndipo ichomelewe pande zote, kisha irudishwe kwenye lethi ihakikishwe haiyumbi.

Fremu na mikono mitatu

Ng'oa injini (ina kilo 30 na ushee, na kama bloku ni nzima kuna mtu atainunua kwa ajili ya pampu). Bati lake la chini usilitupe. Mara nyingi ndiyo sehemu imara kuliko zote kwenye mashine, na bering za shafti ya kati zinaweza kukaa papo hapo. Kama lina mianya mirefu ya kusogezea injini, una bahati: hiyo ndiyo itakayokuwa ya kukazia mikanda.

Fremu ijengwe kwa chaneli ya inchi 3 au bomba la mraba lenye unene usiopungua milimita 4. Pima mikono mitatu ya nyuma ya trekta lako mwenyewe, ile inayobeba vifaa. Aina ya kwanza ina pini za chini za milimita 22 na ya juu milimita 19, na pini za chini zinaachana milimita 683. Aina ya pili ina milimita 28 chini na 25 juu, zikiachana milimita 825. Mnara wa pini ya juu uwe sentimita 46 hadi 50 juu ya pini za chini, uungwe kwa mihimili ya mshazari inayorudi nyuma mpaka chini ya ngoma. Bila mihimili hiyo, barabara ya mashimo itaufungua mnara ndani ya msimu mmoja.

Chini weka miguu mipana. Mashine inapofanya kazi iteremshwe ikae ardhini, isining'inie kwenye hidroli. Na shafti ya kati, mashine ikiwa chini hivyo, iwe usawa wa PTO na katikati yake kadiri inavyowezekana.

Fyuzi yenyewe: bolti ya kukatika

Sasa turudishe kile kilichoondoka na injini. Nunua propela yenye yoki ya bolti ya kukatika, ile inayotumika kwenye slasha. Lakini bolti inayokuja nayo imepigiwa hesabu ya slasha, na kwa mashine yako ni ngumu mno. Hesabu yako ni hii: bolti ya M6 ya daraja 8.8, ikikatwa kwenye sehemu yenye uzi, hushika kama nyuton 9,600. Ikiwa iko milimita 50 toka katikati ya shafti, itakatika kwenye nyutonimita 480 hivi. Mashine ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inatumia 198, kwa hiyo una nafasi ya zaidi ya mara mbili kwa mishtuko ya kawaida. Shafti ya milimita 35 ya EN8 inaubeba mzigo huo bila shida. Tundu la yoki likiwa pana kuliko bolti, lipigwe bushi, maana bolti inayocheza haikatiki kwa hesabu, inachoka tu.

Weka bolti za akiba kwenye kikopo kilichofungwa kwenye fremu, kwa sababu siku kikopo kitakapokuwa tupu ndipo kijana wa trekta atakapoweka ya M8, au msumari, au kipande cha nondo. Bolti ikikatika mara tatu mfululizo, tatizo haliko kwenye bolti: visu ni butu au mnalisha matawi manene kuliko uwezo wa mashine.

Propela na klachi ya upande mmoja

Propela ikifupika kabisa, ibaki na sentimita 2 au 3 kabla ya kugonga. Ikirefuka kabisa, mabomba yake yabaki yameingiliana angalau theluthi. Ikiwa ndefu, kata bomba la ndani na la nje kwa kiasi kile kile, pamoja na kifuniko chake cha plastiki, kisha ondoa ncha kali kwa tupa. Yoki za ncha mbili ziwe zimelala usawa mmoja. Zikipishana, shafti itatikisa mashine yote hata kama kila kitu kingine ni sawa. Pembe ya krosi (kiungo cha propela kinachopinda) isizidi nyuzi 15 wakati wa kazi.

Matrekta mengi ya zamani hayana PTO inayojitegemea: ukikanyaga klachi, mwendo na PTO vinakatika pamoja, lakini ngoma nzito inaendelea kuzunguka na kulisukuma trekta kupitia gia boksi. Klachi ya upande mmoja kwenye ncha ya propela, inayopitisha nguvu toka trekta kwenda mashine tu, inamaliza tatizo hilo. Kama trekta lako ni la aina hiyo, ihesabu kwenye bajeti toka mwanzo.

Vifuniko na mdomo

Kila kinachozunguka kifunikwe: propela na minyororo yake ya kuzuia kifuniko kisizunguke, puli zote mbili, mikanda, na ncha ya shafti inayochungulia nyuma. Bati la milimita 2 linatosha, lililofungwa kwa bolti si kwa waya. PTO ya 540 inazunguka mara 9 kwa sekunde. Ikikamata ncha ya kanga au mkono wa koti, hakuna muda wa kupiga kelele.

Mdomo wa kulishia mara nyingi ni mfupi kwenye mashine hizi, kwa sababu injini ndogo ilikuwa inasamehe. Urefushe: toka ukingo wa nje mpaka kwenye kisu pawe na sentimita 120, ili mtu mzima akinyoosha mkono wote asifike. Swichi ya kuzimia nayo iliondoka na injini, kwa hiyo sasa pawe na mtu wa pili kwenye trekta muda wote, mwenye mkono karibu na wenzo wa PTO, anayemuona mlishaji. Kazi hii si ya mtu mmoja.

Siku ya kwanza kuizungusha

Kabla ya trekta, weka visu vilivyonolewa na upime mwanya kati ya kisu kinachozunguka na kisu tuli. Hauhitaji kipimo cha kiwandani: nyembe mbili za msumeno wa chuma zikiwekwa pamoja zinakaribia milimita 1.3, na hapo ndipo pazuri. Zungusha ngoma kwa mkono, taratibu, upitishe nyembe hizo kwa kila kisu na kwa upana wote. Kisu kimoja kikikaribia kuliko kingine, ndicho kitakachofanya kazi ya vyote. Kaza bolti, kisha zungusha tena raundi kadhaa ukisikiliza kama kuna kinachosugua.

Washa trekta, liache kwenye silensa (kasi ya chini kabisa ya injini), unganisha PTO. Mtu asisimame kwenye mstari wa mzunguko wa ngoma, wala mbele ya bomba la kutolea. Dakika tano, zima kila kitu, subiri ngoma isimame yenyewe, ndipo uguse bering. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, haijakaa sawa.

Kisha panda taratibu mpaka alama ya 540 kwenye mita ya mizunguko, na hapo ndipo pa kukomea. Matrekta mengi hufika 540 injini ikiwa chini ya kasi yake ya juu, kwa hiyo ukikanyaga mafuta mpaka mwisho ngoma inavuka kipimo. Kasi ikizidi kwa robo tu, mvuto kwenye bolti za visu unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye matrekta mengi ya mtaani mita hiyo imekufa. Basi azima kipima mizunguko cha mwanga, bandika karatasi inayong'aa kwenye puli ya ngoma, soma, kisha piga alama ya rangi kwenye wenzo wa mafuta.

Anza na matawi mabichi ya unene wa kidole gumba, upande wa shina ukitangulia. Mtetemo ukija na kuondoka kwa kasi fulani, tafuta puli isiyo duara au visu visivyolingana uzito. Vinatakiwa kunolewa na kupimwa kwa pamoja. Mikanda ikilia unapolisha, kaza. Isipolia kabisa hata tawi nene linapokwama, imekazwa mno, na bering ndizo zitakazolipa.

Kwenye kuzima, punguza kwanza mafuta mpaka silensa, ndipo utoe PTO. Usifungue kifuniko mpaka ufunguo wa trekta uwe mfukoni mwako.

Neno la gharama: trekta la hp 50 linalozungusha mashine ya hp 15 linachoma dizeli nyingi kwa kilo ya matandazo kama umelileta kwa matawi ya asubuhi moja. Rundika kwanza, uliite mara moja kwa siku nzima. Mkaratusi mkavu uliosahaulika miezi mingi uache uwe kuni, maana unakula visu kuliko faida yake.

Baada ya saa mbili za kazi ya kwanza, kaza tena mikanda yote, kwani mipya hunyooka. Kaza pia bolti za visu na za bering, upige grisi kwenye krosi. Mashine ikirudi bandani, propela ivuliwe ihifadhiwe ndani, na shimo la yoki lifungwe kwa kitambaa chenye grisi, la sivyo msimu ujao utaifungua kwa nyundo.